Ubuyu wa rangi nyekundu: Ilibebwa kichwani Tabora, ikabatizwa Berlin, leo iko mdomoni mwako

Wadau, kuna staa mmoja wa kike, jina kapuni, kaposti picha yuko kwenye sherehe katupia gauni jekundu, kucha nyekundu na lipstiki nyekundu ile inayowaka mpaka unataka kupunguza mwanga wa simu. Mashabiki wakagawanyika kama kawaida. Wapo waliosema "dada umetisha", wapo waliouliza kama ni masharti ya mganga, na akatokea mmoja akamaliza mjadala kibabe: "Nyekundu wala siyo ya kwetu, tumeletewa na wazungu."

Hapo ndipo nikasema hapana, hili lazima tulikalishe kitako.

Kwa sababu nyekundu ina ubuyu wake, na ubuyu wenyewe unapita Tabora, unakwenda mpaka Berlin, unarudi na jina la Kongo, halafu unaishia kwenye mkoba wako wa vipodozi. Ndani yake kuna mastaa wachache ambao majina yao yako kwenye vitabu. Waliofanya kazi ngumu karibu wote hawana majina. Leo nataka tuwaangalie hao.

Tabora ilikuwa mjini kitambo

Ukimtajia kijana wa Dar jina la Tabora, atakuambia asali, maembe, treni, na shule aliyosoma Mwalimu Nyerere. Sawa. Ila katikati ya karne ya 19, kama ulikuwa mtu wa biashara, Tabora ndiyo ilikuwa sehemu ya kuonekana. Mtaa wa wafanyabiashara Waarabu uliitwa Kazeh, nchi yote ya pale ni Unyanyembe, na wenye nchi ni Wanyamwezi chini ya mtemi wao.

Barabara ilianzia pwani, Bagamoyo na jirani zake, ikapanda milima ya Usagara, ikakatiza Ugogo kwenye kiu na hongo, ikaingia Unyamwezi. Hapo Tabora njia zinagawanyika: moja inakwenda magharibi Ujiji na kuvuka ziwa mpaka Manyema, Kongo, nyingine kaskazini Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba. Siku 134, kwa miguu na punda.

Sasa fikiria uko pembeni ya njia unasikia ngoma na baragumu. Kitu cha kwanza unachokiona ni nini? Nyekundu.

Mbele kabisa anakuja kirangozi, kiongozi wa njia. Burton anamwelezea amevaa joho jekundu, kipande kirefu cha sufi kilichotobolewa katikati cha kupitishia kichwa, na kichwani manyoya. Yaani huyu ndiye alikuwa staa wa msafara, na alijua. Kando yake bendera nyekundu tupu ya Sultani wa Unguja, haina nyota wala mwezi, ishara kwamba watu hawa wametoka pwani. Tena bendera hiyo ilikuwa maarufu kiasi kwamba kitambaa chekundu cha pamba chenyewe kiliitwa "bendera". Mpaka leo ukienda duka la vitambaa vya waganga utasikia: kaniki nyeusi, bafta nyeupe, bendera nyekundu.

Nyuma ya kirangozi wanafuata wapagazi. Wamebeba merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi kutoka Marekani. Wamebeba kaniki. Na wamebeba shanga.

Shanga zilizovunja miji

Hapa ndipo watu wa fasheni mnisikilize. Shanga zilikuwa pesa. Ulikuwa unanunulia chakula cha msafara, unalipia hongo, unampa mpagazi posho yake. Lakini zilikuwa pesa zenye trendi. Rangi inayopendwa kijiji hiki, kijiji cha mbele hawaitaki hata bure. Mfanyabiashara akibeba rangi iliyopitwa na wakati, msafara mzima unalala njaa. Kwa hiyo kabla hujaondoka pwani unauliza: huko juu sasa hivi wanavaa nini?

Shanga nyekundu za samsam ndizo zilikuwa juu ya nyingi. Burton aliandika kwamba zilikuwa na majina mengi ya mtaani. Moja lilimaanisha mmaliza chakula, kwa sababu mtu yuko radhi kutoa chakula chake cha jioni azipate. Lingine lilimaanisha mvunja mji, ikidaiwa kwamba wanawake walizitaka kiasi cha kufilisi waume zao. Ona jinsi lawama ilivyowaangukia akina dada hata wakati ule! Wanaume wanauza pembe za ndovu na watu, lakini anayevunja mji ni mwanamke mwenye shanga.

Tusilipambe hilo. Barabara hii hii ilipitisha pembe na ilipitisha watumwa. Samsam nyekundu iliyong'aa shingoni kwa mtu Ujiji inawezekana ilikuwa sehemu ya bei ya mtu mwingine. Nyekundu ilikuwa urembo, ilikuwa pesa, na ilikuwa damu, kwa wakati mmoja.

Na mpagazi? Mzigo wake wa kawaida ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32, kichwani au begani, mwezi baada ya mwezi. Wengi walikuwa Wanyamwezi, na kazi hiyo waliifanya kwa kujivunia. Kijana ambaye hajafika pwani alichekwa. Wasafiri wa Kizungu waliandika kila kitu: doti ngapi za nguo, magunia mangapi ya shanga, rangi gani, bei gani. Wapagazi waliandikwa kwa idadi. Uzito wa mzigo wake tunaujua. Jina lake hatulijui.

Nyekundu ya kwetu ilikuwepo

Sasa turudi kwa yule mdau wa "nyekundu siyo ya kwetu".

Misitu ya miombo ya Tabora na Kigoma ina mti unaitwa mkurungu. Wataalamu wa mimea wanauita Pterocarpus tinctorius, na hilo neno la pili maana yake ni wa kutia rangi. Mti wake unatoa unga mwekundu, na watu wa ukanda huu mpaka Kongo na Zambia walijipaka na kutilia vitu rangi karne nyingi kabla ya duka la vipodozi. Ndugu yake ni mninga, huo huo wa kitanda chako. Ukiukata mbichi unatoa utomvu mwekundu kama damu. Kuna ngeu, udongo mwekundu ambao mafundi seremala walichorea mistari. Pwani kuna mzingefuri na mbegu zake nyekundu. Kuna hina.

Kwa hiyo nyekundu ilikuwepo. Tatizo la nyekundu za mizizi, magome na udongo ni moja tu: pamba haizishiki vizuri. Ukifua inaondoka, ukianika inapauka. Na shida hiyo haikuwa yetu peke yetu. Duniani kote, kutia pamba nyekundu ya kudumu ilikuwa kazi ya siku nyingi, mafuta na shabu na mzizi fulani wa Ulaya na Asia uliolimwa mashamba kwa mashamba. Shabu ndiyo iliyokuwa gundi kati ya rangi na uzi. Bila gundi hakuna rangi.

Mwaka 1868 wakemia wawili Wajerumani, Graebe na Liebermann, waliweza kutengeneza rangi ya ule mzizi maabara kutokana na lami ya makaa ya mawe. Mwaka uliofuata hati za haki zikasajiliwa, viwanda vikaanza, na wakulima wa mizizi wakabaki wanatazama mashamba. Lakini hata rangi hiyo bado ilihitaji gundi. Kila mtu alikuwa anatafuta nyekundu ya kuchovya mara moja na kuondoka.

Nitrojeni mbili zilizoshikana mikono

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1858, wakati Burton na Speke wako huku kati ya Tabora na Ujiji, Mjerumani anaitwa Peter Griess alichapisha ugunduzi ambao hakuna mtu wa Tabora angeusikia. Aligundua njia ya kuzichokoza kemikali za jamii ya anilini mpaka zikawa tayari kushikana na wenzao. Hapo ndipo ukoo wa rangi za azo ulipoanzia.

Kemia yake nitakupa kwa lugha ya jikoni. Unachukua anilini au ndugu yake, kitu kinachotokana na lami ya makaa ya mawe. Unaichanganya na asidi na nitriti juu ya barafu, digrii 0 mpaka 5. Ikipata joto inaharibika, na ikikauka inaweza kulipuka, kwa hiyo hakuna mchezo. Halafu unaimimina kwenye kemikali ya pili, na hapo hapo, mbele ya macho yako, rangi inatokea.

Kinachotokea ndani ni kwamba atomi mbili za nitrojeni zimeshikana mikono miwili miwili na kuunganisha vipande viwili vya molekuli. Daraja hilo linameza mwanga wa upande wa buluu na kijani, linakurudishia nyekundu, chungwa au njano. Badilisha kipande kimoja pembeni, rangi inabadilika. Ndiyo maana ukoo huu una watoto maelfu, na ndiyo maana ni rahisi: malighafi ilikuwa taka za kiwanda cha gesi ya taa. Neno "azo" linatokana na jina la zamani la Kifaransa la nitrojeni, lenye asili ya Kigiriki, maana yake isiyo na uhai.

Berlin, 1884: ubatizo

Sasa mdau, kaa vizuri, hapa ndipo ubuyu ulipo.

Kijana mkemia, Paul Böttiger, alikuwa akifanya kazi kiwanda cha Bayer, Ujerumani. Kwenye miaka ya 1883 na 1884 akapata kitu ambacho kila mtu alikitafuta: rangi nyekundu kali ya azo inayoshika pamba moja kwa moja. Hakuna shabu, hakuna mafuta. Unachemsha maji, unatia rangi, unatia nguo, umemaliza. Akasajili hati ya haki kwa jina lake mwenyewe, na kampuni ya AGFA ya Berlin ikainunua. Mwaka 1885 ikaingia sokoni.

Inahitaji jina. Na Berlin wakati huo mjini kote habari ilikuwa moja. Kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 mpaka 26 Februari 1885, mabalozi wa mataifa ya Ulaya, pamoja na Marekani na Dola ya Uthmaniya, walikaa nyumbani kwa Bismarck wakijadili Afrika, na neno lililokuwa kwenye kila gazeti lilikuwa Kongo. Nani afanye biashara Kongo, nani apite mto Kongo, Mfalme Leopold wa Ubelgiji apewe nini. Kongo ndiyo ilikuwa trendi.

Basi watu wa mauzo wakafanya kile kile ambacho watu wa mauzo wanafanya leo. Wakachukua jina linalovuma wakalibandika kwenye bidhaa. Rangi ikaitwa Kongo Nyekundu.

Haikutoka Kongo. Haina mti wa Kongo wala udongo wa Kongo. Aliyeitengeneza hakuitengeneza kwa ajili ya Kongo. Ni sawa na mtu aibe jina lako la mtandaoni auzie sabuni. Na kwenye ile meza ya Berlin hakukuwa na Mwafrika hata mmoja. Hakukuwa na mtu wa Manyema, hakukuwa na Mnyamwezi aliyeijua barabara kwa nyayo zake, hata Tippu Tip, aliyekuwa na nguvu kuliko mtu yeyote kule mashariki mwa Kongo na ambaye baba yake aliishi Tabora, hakuwa na kiti.

Mkutano ulifungwa tarehe 26. Tarehe 27 Februari 1885, Kaiser alitia saini hati ya kulinda ardhi ambazo Carl Peters alidai kuzipata huku kwetu, bara ya Bagamoyo. Miaka mitano baadaye, 1890, bendera ya Ujerumani ilipandishwa Tabora. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana nao, na Januari 1893 ngome yake ilipozidiwa aliwasha ghala la baruti kuliko kukamatwa mzima. Reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kirangozi na joho lake jekundu hakuwa na kazi tena, wala mpagazi.

Rangi yenyewe ilikuwa na tabia

Kongo Nyekundu ilitoka na kishindo, ila ina tabia. Ikikutana na asidi inageuka buluu. Yaani kitambaa chekundu ukikidondoshea maji ya limau unapata doa la buluu. Fikiria jasho na siki na maisha ya kawaida. Kwa hiyo kwenye nguo haikudumu sana. Wadogo zake wakaja wakaipiku. Yenyewe ikahamia maabara, na mpaka leo madaktari wanaitumia kupaka vipande vya nyama ya mwili ili kuona protini fulani mbaya inayoganda kwenye moyo au figo.

Tabia ya pili ndiyo mbaya. Ndani ya rangi hiyo kuna kipande kinaitwa bensidini, na bensidini inaleta saratani ya kibofu cha mkojo kwa binadamu. Hii siyo tetesi. Mwaka 1895 daktari wa Frankfurt, Ludwig Rehn, aliripoti kitu cha ajabu: wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha rangi nyekundu ya jamii ya anilini walikuwa wanapata uvimbe wa kibofu kupita kawaida. Baadaye ikajulikana kwamba bensidini ni miongoni mwa wahusika wakubwa. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku nguo na ngozi zenye rangi za azo zinazoweza kuachia kemikali za aina hiyo zaidi ya miligramu 30 kwa kilo.

Unaona kinachojirudia? Aliyegundua rangi tunamjua. Daktari tunamjua. Wale wafanyakazi waliokuwa wanakoroga mapipa na kurudi nyumbani na mikono myekundu, wengine mpaka mkojo ukaja na damu, ni "wagonjwa" kwenye ripoti. Kama mpagazi wa Tabora alivyo "mzigo mmoja" kwenye kitabu cha msafiri.

Ila tuwe wakweli, ukoo huu pia umeokoa watu. Mwaka 1904 Paul Ehrlich na Mjapani Kiyoshi Shiga walitumia rangi nyekundu ya azo kuponya panya wenye vimelea vya jamii ya malale. Tabora mnaijua malale. Ni mkoa wa mbung'o. Rangi ile yenyewe haikufaa kwa watu, lakini utafiti ulioanzia hapo ulizaa suramini, dawa iliyotumika kwa miongo mingi kutibu malale ya aina ya kwetu Afrika Mashariki. Na mwaka 1935 Gerhard Domagk alitangaza Prontosili, unga mwekundu wa azo uliokuwa dawa ya kwanza ya jamii ya salfa kuua bakteria mwilini.

Sasa tuingie kwenye mkoba wako

Chukua lipstiki yako, geuza, soma yale maandishi ya sisimizi. Kwenye lipstiki nyingi nyekundu utakuta CI 15850. Hiyo ni namba kwenye orodha ya kimataifa ya rangi, na mwenye namba hiyo ni nyekundu ya azo iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1903. Wachapaji wanaijua kwa jina lingine: ndiyo ile waridi iliyokolea, moja ya rangi nne zinazochapa magazeti, mabango na makasha ya maziwa. Ndiyo, mdomo wa staa wetu na bango la tamasha lake vinaweza kuwa na rangi moja.

Usitupe lipstiki, subiri. Kwanza, hii haina bensidini. Pili, kuna tofauti kati ya rangi inayoyeyuka na rangi ya unga isiyoyeyuka. Kongo Nyekundu inayeyuka kwenye maji na kuingia ndani ya uzi. CI 15850 ikitiwa kalisiamu inakuwa unga mgumu usioyeyuka. Haichovyi kitu, inakaa juu yake kama vumbi laini lililoshikiliwa na nta au mafuta. Ndiyo maana lipstiki haitoki kwa maji, inataka mafuta.

Udhaifu wake na wa ndugu zake ni jua. Kuna mchoraji wa Marekani, Mark Rothko, alichora picha kubwa za ukutani kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Harvard, zikatundikwa 1964. Alitumia nyekundu ya azo ya jamii hii hii. Chumba kilikuwa na madirisha makubwa, na ndani ya miaka michache wekundu ukawa umekufa, zikaondolewa mwaka 1979. Hilo ni jua la Harvard. Sasa wewe acha bango lako nje Tabora mwezi wa kumi uone.

La muhimu kuliko yote ni hili: unga wa wino na unga wa lipstiki unaweza kuwa na namba moja, lakini haujasafishwa sawa. Wa vipodozi unapimwa risasi, zebaki na mabaki ya kemikali zilizoutengeneza. Wa wino au rangi ya ukuta haukutengenezwa mtu aulambe. Na dada, lipstiki tunailamba siku nzima.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi kila mtu ana chapa yake ya kung'arisha midomo, kucha na mishumaa, unga unanunuliwa mtandaoni kwa kilo, mfuko hauna hata maandishi. Wa chakula hivyo hivyo. Ule ubuyu wa kweli, wa kumung'unya, wekundu wake unatoka kwenye rangi ya chakula, na rangi nyingi nyekundu za chakula nazo ni za azo, ila ni zile zinazoyeyuka na zilizopimwa kwa kuliwa. Ukiweka ya nguo au ya nta ni habari nyingine. Mwaka 2005 Uingereza waliondoa madukani bidhaa zaidi ya 400 za chakula kwa sababu ya pilipili ya unga iliyotiwa rangi ya viwandani inayoitwa Sudani namba 1. Mwaka 2015 Ghana wakakuta ndugu yake, Sudani namba 4, kwenye mawese sokoni. Na mawese ni mekundu yenyewe kwa asili! Umeona na majina lakini? Kongo, Sudani. Sisi tunatoa majina, wao wanatoa makopo.

Kwa hiyo kama kazi yako inagusa unga mwekundu, iwe uchapaji, batiki, rangi za ukuta au vipodozi, shika haya:

Nunua unga wenye jina, namba na matumizi yake yameandikwa. Wa chakula ni wa chakula, wa vipodozi ni wa vipodozi. Kwa hapa nyumbani, wanaosimamia vyote viwili ni TBS.

Vaa barakoa na glavu unapopima. Usimwage kutoka juu, usipulize.

Ukimwagika usifagie ukavu, utaupeleka mapafuni. Futa kwa kitambaa kilicholowa. Mikono ioshe kwa sabuni, mafuta kidogo yakisaidia, usitumie petroli.

Utunze pakavu, mbali na moto. Vumbi laini likitanda hewani na cheche ikapita, linaweza kulipuka, kama vumbi la unga kwenye mashine ya kusaga.

Sufuria na mwiko wa rangi visirudi jikoni. Kamwe. Na watoto wasikae karibu.

Nimalizie

Yule mdau aliyesema nyekundu siyo ya kwetu, nadhani sasa nimemjibu. Nyekundu ilikuwepo kwenye mkurungu kabla Kongo haijapewa kiti cha kusimuliwa Berlin. Ikapita Tabora kwenye vichwa vya watu ambao hakuna aliyeona haja ya kuandika majina yao. Ikachanganywa kwenye mapipa na watu wengine, weupe na maskini, ambao nao waliandikwa kama idadi. Leo inachanganywa na binti fulani kwenye chumba kimoja mtaani kwako, hana barakoa, anatafuta kodi ya mwezi, na wateja wanamdai rangi iwe kali zaidi.

Huyo ndiye wa kumtumia hii habari kabla ya staa yeyote. Mpigie, muulize unga wake ameununua wapi. Na usiku huu kabla hujafuta lipstiki, geuza usome namba.

Kama kwenu babu au bibi alikusimulia ndugu aliyekwenda na misafara ya pwani, au anajua mkurungu ulivyotumika, andika hapo chini. Na jina lake uliandike.